Afisa usalama wa mafuta akisema "simamisha", nani yuko nyuma yake?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, simu ya studio yetu hailali. Wasikilizaji wa Laela, Matai, Namanyere na Mtowisa wanataka kujua bei ya petroli na dizeli kwa Rukwa, na kwa nini inazidi ile ya Dar es Salaam. Jibu lake ni fupi. Mafuta yakishushwa melini Dar es Salaam husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Mbeya na Tunduma, mpaka yafike Sumbawanga. Gharama ya safari hiyo inaingia kwenye bei.

Mwezi huu tulipata simu ya namna nyingine. Mfanyakazi wa kituo kimoja cha mafuta, aliyeomba tusimtaje yeye wala kituo chake, alitueleza kuwa yeye ndiye aliyeteuliwa kusimamia usalama pale kazini. Siku moja lori lilikuwa linashusha petroli, na hatua chache pembeni bodaboda zinaendelea kujaziwa kama kawaida. Akataka kazi isimame kwanza. Akaambiwa aache kufukuza wateja.

Akatuuliza hivi: wenye vituo wana chama chao, bodaboda wana chao, je, watu wa usalama wa mafuta kama yeye wanaweza kuwa na chao? Na kikiwepo, kinaendeshwaje?

Tumeona swali hili lisiishie kwenye simu. Haya ndiyo maelezo yake.

Afisa usalama wa mafuta anafanya nini?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake na iweke wawakilishi wa usalama na afya kazini. Kwenye ghala kubwa la mafuta, mtu huyu huwa ni afisa mwenye cheti na ofisi. Kwenye kituo kidogo cha wilayani, mara nyingi ni mfanyakazi yuleyule anayesimamia pampu, aliyeongezewa jukumu hili.

Kazi yake inaanzia kwenye kuijua petroli. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unaingia kwenye mtaro, kwenye shimo, chini ya mlango wa chumba cha jirani, na ukikutana na moto mahali unarudi nao mpaka ulikotoka.

Wengine hapa Ufipa hudhani baridi yetu inasaidia. Ni kweli mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai tunazijua wenyewe. Lakini petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya Sumbawanga kwake si kitu. Dizeli ni tofauti: inahitaji kupashwa joto zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujatosha kushika moto. Ndiyo maana mtu aliyezoea dizeli ya trekta au mashine ya kusaga anaweza kudanganyika akishika petroli.

Kwa hiyo lori linaposhusha mafuta, afisa usalama anahakikisha waya wa kupeleka umeme ardhini umefungwa ili cheche isizaliwe, injini imezimwa, vizimia moto viko karibu, watu na pikipiki wako mbali, na hakuna sigara wala jiko la mkaa la muuza mahindi pale ukingoni. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, anatakiwa aseme "simamisha". Neno hilo linamgharimu mwenye kituo muda na fedha, na anayelisema ni mtu anayelipwa mshahara na mwenye kituo huyohuyo.

Ajali tulizoziona

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota petroli iliyokuwa inamwagika. Moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Wengi wao walikuwa vijana, wakiwemo waendesha bodaboda.

Haikuwa mara ya kwanza katika ukanda wetu. Tarehe 31 Januari 2009 ilitokea vivyo hivyo Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tarehe 2 Julai 2010 ikatokea Sange, Kivu Kusini, upande wa Kongo kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Pale walikufa zaidi ya 230, wengine wakiwa hawakuchota hata tone. Walikuwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia jirani na lori lilipopinduka.

Ukizisoma ajali hizi tatu unaona kisa ni kilekile: lori limelala, mafuta yanamwagika, watu wanakuja na ndoo, hakuna anayewaondoa kwa wakati. Funzo la Sachangwan lilitakiwa limfikie dereva na polisi wa Sange mwaka mmoja baadaye, na la Sange liwafikie watu wa Morogoro. Kubeba funzo kutoka mahali pamoja hadi pengine ndiyo kazi ya kwanza ya chama cha taaluma. Afisa mmoja aliyeko Namanyere hawezi kulibeba peke yake.

Vyama si vya aina moja

Hapa ndipo watu wengi huchanganya.

Kuna vyama vya waajiri na wafanyabiashara. Kwa Tanzania, kampuni za mafuta zina umoja wao, TAOMAC, na waendeshaji wa vituo wana wao, TAPSOA. Vyama hivi huzungumza na serikali kuhusu bei, kodi na leseni. Vinaweza kufundisha usalama pia, lakini mwanachama wake ni mwenye biashara.

Kuna vyama vya wafanyakazi, vinavyoandikishwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Chama cha namna hii kinahitaji wafanyakazi wasiopungua 20 kukianzisha. Kinapigania mishahara na mikataba, na mgogoro ukishindikana unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Halafu kuna chama cha taaluma, ambacho ndicho mpigaji wetu alikuwa anakiulizia. Kinawaunganisha watu kwa sababu ya kazi wanayoijua, bila kujali nani amewaajiri. Afisa wa ghala la Dar es Salaam, msimamizi wa kituo cha Laela na mkufunzi wa chuo wote wanaweza kuwa wanachama. Hapa Tanzania, umoja wa namna hii huandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Sheria hiyo inazungumzia umoja wa watu 10 au zaidi, usio wa kisiasa, kwa manufaa ya wanachama wake, na manufaa ya kitaaluma yametajwa humo.

Mfano wa karibu ni Taasisi ya Petroli ya Afrika Mashariki, PIEA, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1999. Inapokea kampuni na mtu mmoja mmoja, na kati ya kazi zake ni kufundisha usalama wa kuhifadhi, kupakia na kusafirisha mafuta.

Kinaendeshwaje?

Aliyewahi kuwa kwenye VICOBA ameshajua nusu ya jibu. Sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu ili mmoja asilale nalo. Chama cha taaluma kinahitaji tahadhari hiyohiyo.

Kwanza ni katiba. Iseme nani anastahili kuwa mwanachama, viongozi wanakaa madarakani muda gani, na mkutano mkuu unafanyika lini. Swali gumu ni hili: je, mwenye kituo anaruhusiwa kugombea uenyekiti? Akiruhusiwa, siku mwanachama atakapoleta malalamiko kuhusu kituo chake, nani atayasikiliza? Vyama vingi huwapa wenye biashara nafasi ya kuchangia na kuhudhuria, kura za uongozi zikabaki kwa wenye taaluma. Katiba inayokaa kimya kuhusu jambo hili inaahirisha ugomvi tu.

Pili ni fedha. Tupige hesabu ya mfano. Watu 15 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi ni shilingi 75,000, na kwa mwaka ni shilingi 900,000. Fedha hiyo haijengi ofisi, lakini inaweza kuitisha mkutano mmoja na kumlipia mkufunzi nauli na malazi. Ukiona ni kidogo na ukaomba kampuni moja ilipe kila kitu, mwaka wa kwanza utakuwa mzuri. Mwaka wa pili kampuni hiyo ikifanya kosa, chama kitaanza kuongea kwa kunong'ona. Michango ya kampuni ipokelewe, ila isizidi kiasi ambacho chama kinaweza kuishi bila hicho. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama wote, na mkaguzi wa hesabu asiwe rafiki wa mhazini.

Tatu ni mafunzo na cheti. Chama kisitoe kadi kwa kila aliyelipa. Mwanachama aonyeshe amefundishwa nini, na arudie mafunzo kila baada ya muda, kwa sababu vifaa na kanuni hubadilika. Kadi ikipatikana kwa ada peke yake, mwajiri hataiheshimu, na OSHA wala EWURA hawatakuwa na sababu ya kuisikiliza.

Nne, na kwetu hili ndilo lenye faida kubwa kwa mikoa ya mbali, ni kusimuliana yaliyokaribia kuwa ajali. Bomba lililochomoka likimwaga lita chache, dereva aliyepitiwa na usingizi akishuka Lyambalyamfipa, kizimia moto kilichogoma kufunguka. Mambo haya huishia kufichwa kwa sababu aliyehusika anaogopa kufukuzwa. Chama kinaweza kuyapokea bila jina la mtu wala la kituo, kikayasambaza kwa wote hata kwa kundi la WhatsApp. Siri hiyo ikivunjwa mara moja, hakuna atakayeleta habari tena.

Tano ni nidhamu. Mwanachama akisaini karatasi ya ukaguzi bila kukagua, achunguzwe na wenzake, apewe nafasi ya kujitetea, na akikutwa na kosa aondolewe. Chama kinachowalinda wanachama wake hata wakidanganya hakina tena cha kumwambia mwenye kituo.

Mipaka yake

Tusiwaahidi watu kisichokuwepo. Chama hakiwezi kufunga kituo. Leseni ziko kwa EWURA, ukaguzi wa mahali pa kazi uko kwa OSHA, na moto uko kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kinachoweza chama ni kumwandikia mwenye kituo barua ambayo haina saini ya mfanyakazi wake mmoja, bali ya umoja mzima. Kinaweza pia kupeleka taarifa kwa mamlaka ikiwa na vipimo na tarehe badala ya manung'uniko. Kwa mtu kama yule aliyetupigia, hiyo ni tofauti kubwa. Siku ile alisimama peke yake.

Na wewe uliye kijijini?

Unaweza kusema mambo haya ni ya wenye vituo vya mjini. Lakini huko kwenu petroli inauzwa kwenye vidumu na chupa za maji, na mara nyingine inalala chumba kimoja na watoto, kibatari kikiwaka. EWURA imeweka masharti nafuu kwa wanaotaka kujenga vituo vijijini, na nia yake ni kuiondoa biashara hiyo ndani ya nyumba. Vituo hivyo vikiongezeka, vitahitaji watu wanaojua usalama. Chama chenye wanachama Kalambo, Nkasi na bonde la Rukwa kingekuwa na mtu wa kufika kwenye mkutano wa kijiji na kueleza, kwa Kiswahili au kwa Kifipa, tuliyoyaeleza hapa juu kuhusu mvuke.

Wakati huo haujafika bado, kwa hiyo shika haya. Usihifadhi petroli ndani ya nyumba ya kulala. Petroli ikiwaka usiimwagie maji, kwa sababu inaelea juu yake na kusambaa. Tumia mchanga au kizimia moto cha unga au povu. Ukiona lori la mafuta limeanguka, kaa mbali upande unakotoka upepo, zuia wengine wasisogee, usiwashe pikipiki wala sigara, na ukishakuwa mbali piga 114, namba ya Zimamoto.

Kwa ndugu yetu aliyetupigia: ndiyo, inawezekana. Tafuta wenzako tisa wa kazi hii, kutoka Sumbawanga, Matai, Namanyere, hata Tunduma na Mpanda. Kaeni kikao, andikeni muhtasari, mjadili katiba bila haraka, kisha mwende kwa Msajili. Siku ya kikao hicho tuambieni, tutawatangazia bila malipo.