Dhana ya Neno na Alama za Mtajo katika Skripti za Majaribio

Fasili ya neno kama kipashio kinachoachiwa nafasi mbele na nyuma imekosolewa sana na wanaisimu. Sheli ya Unix, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji wa kompyuta, huitegemea fasili hiyohiyo. Makala haya yanaonyesha jinsi inavyoweza kulipotosha jaribio linalojiendesha lenyewe.

Katika sheli ya Stephen Bourne, iliyotolewa pamoja na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na katika bash iliyofuata, kigeu kisichotiwa ndani ya alama za mtajo hubadilishwa kwanza kuwa thamani yake, kisha thamani hiyo hukatwa penye nafasi, tabu au mstari mpya. Kwa hiyo, iwapo kigeu faili kimepewa jina "methali za pwani.txt", amri

wc -w $faili

hutafuta faili tatu: methali, za na pwani.txt. A-unganifu imekuwa faili!

Kosa hilo angalau hujitangaza. Lililo baya zaidi hunyamaza. Tuchukue jaribio la kuthibitisha kwamba programu ya kuorodhesha msamiati imetoa tokeo:

tokeo=$(orodhesha matini.txt)
[ -n $tokeo ] && echo limefaulu

Programu isipotoa chochote, kigeu hutoweka na kubaki [ -n ]. Kwa kanuni za POSIX, hoja ikiwa moja tu, jibu ni kweli maadamu hoja hiyo si tupu. Na -n si tupu. Jaribio hufaulu. Kinyume chake, programu ikitoa maneno mawili, "meza kiti", sheli hulalamika kwamba haikuona kiendeshi, na jaribio huanguka. Amri set -u haisaidii, kwani hunasa kigeu kisichopewa thamani, si kilichopewa thamani tupu.

Sahihi ni [ -n "$tokeo" ]. Alama za mtajo pacha huruhusu thamani kuingia, lakini huizuia isikatwe. Alama moja moja hazifai: '$tokeo' hubaki herufi zilivyo, na jaribio litafaulu daima. Kadhalika, hoja za skripti zipokezwe kwa "$@", si kwa $*.

Mabano maradufu ya bash, [[ ]], hayakati thamani. Hata hivyo dash, ambayo ndiyo sh ya Debian, haiyatambui. Baada ya marekebisho, inafaa programu ipewe matini tupu kwa makusudi, ionekane kama jaribio litaanguka.