Baragumu la Shaba Lililowatatiza Watu

Watu wengi huitazama picha mara moja, wakasema, "Nzuri," wakapita. Lakini iko picha moja mashuhuri iliyowafanya watu wasimame wakabishana. Jina lake ni After the Hunt, yaani Baada ya Kuwinda. Aliyeichora mjini Paris mwaka 1885 ni Bw. William Michael Harnett, mzaliwa wa Ireland aliyekulia Marekani.

Picha hiyo yaonyesha mlango mkuukuu wa mbao, nao umetundikwa vitu vya mwindaji: bunduki, kofia, sungura na ndege waliouawa, na kati yao baragumu la shaba lililokunjwa mviringo. Ilipotundikwa katika baa ya Bw. Theodore Stewart mjini New York, wateja walishindana: huyu asema vitu ni vya kweli, yule asema ni rangi tupu.

Baadhi ya wajuzi wa sanaa walimdharau Harnett, wakasema kuiga vitu namna ile ni kiinimacho tu. Neno lao lastahili kupimwa, na shahidi ni baragumu lile.

Shaba haina rangi moja. Mahali panapoelekea mwanga hung'aa karibu na weupe. Penye kivuli huwa kahawia, hata kukaribia weusi. Mchoraji akipaka manjano matupu atapata ganda la ndizi mbivu, si shaba. Mng'ao hutokana na weupe kidogo uliowekwa kando ya giza. Harnett aliyazoea madini kwa mikono yake, maana ujanani alikuwa fundi wa kutia nakshi vyombo vya fedha.

Tena hakupenda vitu vipya. Alichagua vilivyolainishwa na miaka. Baragumu jipya huonyesha ustadi wa mfua shaba peke yake. La zamani huonyesha pia mikono iliyolishika. Hata mtazamaji akiisha kutambua kwamba ni rangi tu, bado hutamani kujua ni nani aliyelipuliza. Hapo ndipo kiinimacho kinapokwisha, na sanaa ikaanza.

Harnett alifariki mwaka 1892, mwenye umri wa miaka 44, na jina lake likasahauliwa kwa miaka mingi. Leo picha hiyo imo katika jumba la sanaa mjini San Francisco.

Mwenye kutaka kujifunza kutazama na aanzie nyumbani. Achukue kengele kuukuu ya shaba, aiweke karibu na dirisha, kisha ahesabu rangi zilizomo. Hataishia moja.