Masikio yavuma usiku? Usikimbilie kimya

NI saa saba za usiku. Matatu za mwisho zimekwisha kupita, majirani wamezima televisheni na watoto wamelala fofofo. Wewe peke yako uko macho. Ndani ya sikio mna mlio mwembamba kama wa mbu, nao haukatiki. Umefunga madirisha na kujifunika mto kichwani, lakini badala ya kupungua, mlio wazidi.

Mkeo akikuuliza una nini, wamjibu hamna kitu. Utamwelezaje sauti ambayo yeye haisikii? Wapo waliofikia hatua ya kudhani wamerogwa au wanarukwa na akili.

Tulia, msomaji. Huna wazimu wala hauko peke yako. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani, yaani kama 14 katika kila 100, wana mlio huu kwa kiwango fulani. Zaidi ya milioni 120 kati yao unawasumbua vikali.

Chanzo chake

Mlio huu si ugonjwa bali ni dalili. Ndani ya sikio mna chembechembe zenye vinyweleo vidogo mno ambazo hugeuza sauti kuwa ishara za kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kali huziua, na zikifa hazioti tena. Wataalamu wengi waamini kwamba ubongo ukikosa ishara uliozoea kupata, hujitahidi kusikiliza kwa nguvu zaidi, mithili ya mtu anayepandisha redio iliyopoteza stesheni. Anachoambulia ni mvumo mtupu.

Ndiposa fundi wa Jua Kali anayegonga mabati kutwa nzima pale Kamukunji yumo hatarini. Yumo pia makanga wa matatu yenye muziki wa kutetemesha vioo, na mwanafunzi anayelala na vipokea sauti masikioni. Sababu nyingine ni uzee, nta iliyoziba sikio, na baadhi ya dawa kama vile kwinini, aspirini nyingi na sindano za streptomaisini. Hata hivyo, usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na daktari.

Kimya chafichua

Kosa la wengi ni kutafuta kimya. Mnamo 1953, Heller na Bergman wa Marekani waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima, mmoja mmoja, katika chumba kisichopenya sauti. Watu 94 katika kila 100 walisema walisikia milio ambayo hawakuwa wameizoea.

Koroboi ikiwashwa gizani huonekana toka mbali. Iwashe saa sita za mchana uone kama kuna atakayeigeukia! Na mlio ni vivyo hivyo: ukiuwekea sauti nyingine kando yake, hupungua makali.

Jambo hili si geni. Mwaka wa 1821, daktari Mfaransa, Itard, aliwashauri wagonjwa wake wakae karibu na moto unaovuma au maji yanayodondoka. Na katika miaka ya 1970, mjini Portland, Marekani, daktari aliyesumbuliwa na mlio aligundua kwamba akisimama karibu na chemchemi ya maji ya barabarani hausikii tena. Mwanasayansi Jack Vernon, aliyekuwa naye, alichukua wazo hilo na kutengeneza kifaa cha kuvalia sikioni kinachotoa mvumo.

Ufanyeje nyumbani?

Huhitaji mtambo wa bei ghali. Chagua sauti tulivu isiyobadilika-badilika: feni, redio iliyotolewa kidogo kwenye stesheni, au sauti ya mvua na mawimbi kutoka kwa simu. Epuka vipindi vya mazungumzo wakati wa kulala, kwani maneno huvuta akili.

Siri iko katika kipimo. Usiipandishe sauti hata ikaumeza mlio kabisa. Iweke chini kidogo yake, uzisikie zote mbili. Profesa Pawel Jastreboff, aliyeeleza nadharia yake mwaka wa 1990, ashikilia kwamba ubongo hauwezi kukizoea kitu usichokisikia. Isitoshe, kelele ya kuzima kelele yaweza kuharibu chembechembe zilizosalia.

Weka redio mezani, si masikioni. Mwanafunzi naye ajiwekee mvumo hafifu anapodurusu badala ya kujifungia katika chumba kimya.

Na kama familia nzima yalala chumba kimoja? Hapa ndipo ndoa nyingi huingia dosari: mmoja ataka redio, mwingine ataka usingizi. Kaeni chini mwelezane mchana, kabla hasira za usiku hazijafika. Mwambie mwenzio ukweli kuhusu huo mlio. Kisha jaribu kuweka spika ndogo chini ya mto wako, yenye sauti ya kukutosha wewe tu.

Usidanganywe pia. Tathmini kubwa ya tafiti ya mwaka 2018 haikupata ushahidi thabiti kwamba vifaa vya sauti vyashinda njia nyingine. Kwa hiyo, anayekuuzia kifaa akiapa kwamba mlio utakoma, mwepuke. Ushahidi ulio bora, kwa tathmini ya 2020, ni wa ushauri nasaha unaomfundisha mtu kubadili fikira zake juu ya mlio. Sauti hukupa nafuu ya kupata usingizi wakati ukizoea.

Nenda hospitali

Muone daktari wa masikio ikiwa mlio uko upande mmoja tu, unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au umeandamana na kizunguzungu au usaha. Ukipoteza kusikia ghafla, nenda siku iyo hiyo. Na mlio ukikutia mawazo ya kukata tamaa ya maisha, usinyamaze. Mwambie mtu leo.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Usiku wa leo, mlio ukianza, usizibe dirisha. Lifungue kidogo, uache jiji likuimbie polepole.