Afya Yetu: Neno Moja Kwenye Chupa ya Dawa

Kusoma si kwa vitabu tu. Chukua chupa ya dawa ya kupaka iliyomo nyumbani mwako. Soma karatasi iliyobandikwa. Mara nyingi utaona neno hili la Kiingereza: EXTERNAL. Linatamkwa ekstanal.

Maana yake ni "ya nje". Ukuta wa nje wa nyumba huitwa "external wall". Lakini kwenye dawa, nje ni nje ya mwili, yaani juu ya ngozi. Si nje ya nyumba. Dawa hiyo waweza kuipaka ukiwa chumbani, lakini usiimeze.

Neno hili huandikwa pamoja na mengine: FOR EXTERNAL USE ONLY. FOR ni kwa. USE ni matumizi. ONLY ni tu. Yote pamoja ni: kwa matumizi ya nje tu. Dawa hii hupakwa au huchuliwa. Hainywewi.

Kwa nini tujali? Dawa ya upele iitwayo BBE ni nyeupe kama maziwa. Mtoto aweza kudhani ni maziwa. Akiinywa aweza kupata degedege. Yako pia mafuta ya kuchua viungo yenye methili salisileti. Mafuta hayo yakiwa hayajachanganywa, kijiko kimoja cha chai chaweza kumwua mtoto mdogo.

Basi tufanye hivi:

1. Soma chupa kila mara kabla ya kutumia dawa. Usiku, washa taa kwanza.

2. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda. Chupa ya soda haina maandishi ya kukuonya.

3. Weka dawa juu, mahali wasipofika watoto.

4. Mtoto akinywa dawa ya kupaka, usimtapishe. Mpeleke zahanati mara moja. Chukua na chupa, ili mganga aisome.

Tena kumbuka: chupa isiyo na neno hili usidhani ni ya kunywa. Kama huna hakika, muulize mganga.

Maswali

1. Neno EXTERNAL lina maana gani kwenye dawa?

2. Kwa nini ni hatari kutia dawa katika chupa ya soda?

3. Nyumbani mwako mna chupa ngapi zenye neno hili? Ziko wapi sasa?