Mizani, Makombora na Gesi: Ukaguzi Huru wa Programu za Kompyuta

Msimu wa korosho ufikapo, katika wilaya za Tandahimba, Newala na Masasi, mkulima hupeleka magunia yake kwenye chama cha msingi, na hapo jasho lake la mwaka mzima hutegemea chombo kimoja: mizani. Mizani hiyo haithibitishwi na chama kinachopokea korosho, wala na mkulima mwenyewe. Huthibitishwa na Wakala wa Vipimo, ambao huijaribu kwa mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana, na ikionekana sahihi huipiga chapa. Sababu yake haihitaji kufundishwa mkoani Mtwara: anayeweza kunufaika na kosa hapaswi kuwa ndiye anayelitafuta.

Walakini mizani ya kielektroniki ina programu ndani yake, yaani mfululizo wa maagizo yanayoiongoza kompyuta ndogo hatua kwa hatua. Jiwe la mkaguzi laonyesha kwamba mizani ilisema kweli kwa kilo 20 na kwa kilo 50, siku ile, mahali pale. Halionyeshi itasema nini umeme ukiyumba. Kosa la mizani ni hasara ya fedha, nayo yaweza kulipwa. Tutazame sasa programu ambazo kosa lake halilipiki, yaani zile zinazoongoza silaha za nyuklia.

Silaha hizo hudaiwa mambo mawili yanayovutana. Wenye nazo hutaka zifanye kazi kila mara amri halali itolewapo. Kadhalika hutaka zisifanye kazi kamwe pasipo amri hiyo. Kila kufuli linaloongezwa kwa ajili ya dai la pili laweza kukwama siku ya dai la kwanza. Tena mhandisi anayeunda mtambo ana tarehe ya kuukabidhi, naye hupimwa kwa kuuonyesha ukifanya kazi. Hakuna anayepongezwa kwa kombora ambalo halikuruka.

Kwa ajili hiyo kanuni za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zimeweka masharti manne: silaha iliyopatwa na ajali isilipuke kinyuklia, isiandaliwe wala kurushwa kwa makusudi pasipo amri ya mwenye mamlaka, isiandaliwe wala kurushwa kwa bahati mbaya, na iwe na ulinzi wa kutosha. Makombora yalipoanza kuongozwa kwa kompyuta, masharti hayo yalilazimika kudaiwa kwa programu pia. Jeshi la Anga la nchi hiyo likaweka utaratibu ambao kwa tafsiri yetu ni Uchambuzi wa Kuhakiki Upya Usalama wa Nyuklia, nao umetumika kwa programu za makombora ya Minuteman. Sharti lake kuu ni kwamba wanaochambua wasiwe miongoni mwa waliotunga.

Wachambuzi hao hawaanzi na programu. Huanza na masharti. Hujiuliza ni kwa njia zipi agizo la kurusha lingeweza kupita bila amri, kisha huisoma programu wakizitafuta njia hizo, zikiwamo zile ambazo mtu mwenye nia mbaya angeweza kuzipenyeza kwa siri. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa baina ya kazi yao na majaribio ya kawaida. Mtungaji huuliza kama programu yafanya ilichotakiwa. Mchambuzi huuliza ni nini kingine inaweza kufanya.

Mfano mmoja utatusaidia kuona jinsi kosa linavyoweza kukaa mbele ya macho ya wataalamu. Tarehe 3 Juni 1980, vioo vya kompyuta katika kamandi za Marekani vilianza kuonyesha makombora yakija. Idadi ilikuwa ikibadilika: mara makombora 2, mara 200. Marubani wa ndege za mabomu waliamriwa kuwasha injini kabla haijagunduliwa kwamba hapakuwa na shambulio lolote. Chanzo kilikuwa kijisehemu cha saketi katika kituo cha tahadhari cha NORAD, chenye bei ya senti 46 za dola, kilichoharibika.

Kuharibika kwa kifaa si ajabu. La ajabu ni mpango wenyewe wa mawasiliano. Ili kuhakikisha kwamba njia za simu ni nzima, kituo kilikuwa kikituma ujumbe wa majaribio mfululizo, na ujumbe huo ulikuwa na sura ile ile ya ujumbe wa shambulio la kweli, ila mahali pa idadi ya makombora palijazwa 0. Kifaa kilipoharibika, baadhi ya 0 zikawa 2. Laiti ujumbe ungebeba tarakimu ya uhakiki, yaani tarakimu moja ya nyongeza inayokokotolewa kutokana na zile nyingine, kompyuta ya upande wa pili ingeweza kuona kwamba hesabu hailingani na kuukataa. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili ubaoni kwa dakika chache. Mbinu hiyo ilikuwa ikijulikana sana wakati ule. Mgeni aliyepewa kazi ya kuutilia shaka mpango huo angeiulizia mapema.

Pengine mwanafunzi atasema: kwa nini wasijaribu tu kila hali inayowezekana? Tuchukue programu inayopokea namba mbili, kila moja ya biti 32. Jozi zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 64. Kompyuta inayojaribu jozi bilioni moja kwa sekunde ingehitaji miaka ipatayo 584, na hiyo ni programu ya namba mbili tu. Ndiyo maana kusoma na kuthibitisha kwa hoja za kihisabati hakuwezi kuachwa.

Hata hivyo, uhuru wa mkaguzi nao una mipaka. Mwaka 1986 John Knight na Nancy Leveson walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vyuo vikuu viwili vya Marekani. Programu 27 za kuamua kama kombora la kujihami lirushwe zilitungwa na watu mbalimbali pasipo kushauriana, kisha kila moja ikajaribiwa mara milioni moja. Ilitarajiwa kwamba makosa yao yangetawanyika ovyo. Haikuwa hivyo: watungaji tofauti walijikwaa mahali pale pale mara nyingi kuliko bahati ingeruhusu. Waliofundishwa kwa namna moja hukosea kwa namna moja. Kwa maoni yetu hili ndilo lililo gumu zaidi, maana kuhamisha ukaguzi kwenye jengo jingine hakutoshi.

Tanzania haina silaha hizi, na Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, umezipiga marufuku barani Afrika. Hata hivyo tumewahi kujitolea kuwa mkaguzi. Agosti 1986, huko Ixtapa, Meksiko, Mwalimu Nyerere na viongozi wa Argentina, India, Meksiko, Sweden na Ugiriki waliahidi kutoa wataalamu wa kuhakiki kama mataifa makubwa yamesimamisha majaribio ya nyuklia. Mlipuko huitikisa ardhi, na mtu wa nje aweza kuupima. Programu hukaa ndani ya siri ya nchi, na wanaoikagua hulipwa na serikali ile ile inayomiliki kombora.

Katika pwani ya Ruvuma jambo hili halikomei kwenye silaha za wengine. Gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 husafishwa Madimba na kusafirishwa hadi Dar es Salaam kwa bomba la inchi 36 lililozinduliwa mwaka 2015. Mitambo ya namna hii duniani kote huongozwa kwa kompyuta, na kwa kawaida mfumo wa kufunga gesi wakati wa hatari hutenganishwa na ule wa uendeshaji wa kila siku. Kiwango cha kimataifa nambari 61508 chataka uhuru wa mkaguzi uongezeke kadiri madhara yanavyoweza kuwa makubwa: kwanza mtu mwingine, kisha idara nyingine, na mwisho shirika jingine kabisa. Wanafunzi watakaopata nafasi ya kuzuru mtambo wa gesi waulize ni nani aliyekagua programu ya mfumo wa kufunga, yeye huripoti kwa nani, na programu ikibadilishwa hata mstari mmoja, ukaguzi huanza tena wapi.