Hombo: Gidoni iliyo mbali na freni ngumu, hatari kwa waendesha baiskeli wenye mwili mdogo

Katika Hombo, mahali ambapo mto wa jina hilo unatenganisha Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, baiskeli ingali msaada mkubwa kwa familia ambazo hazina uwezo wa kulipa pikipiki kila siku. Kinga, kama wakaaji wengi wanavyoiita, inabeba mawese, muhogo, ndizi na makala hadi sokoni, kisha inarudi na chumvi, sabuni na samaki wakavu. Inapita kwenye barabara ya kitaifa nambari 3, ile inayotoka Bukavu, inapanda milima ya Kahuzi, inashuka Bunyakiri na kuingia msitu wa Walikale kuelekea Kisangani.

Lakini baiskeli zinazouzwa zaidi katika eneo hili zilipimwa kwa mwili wa mwanaume mrefu. Ni zile nyeusi, nzito, za chuma, zinazotoka China na India, zenye magurudumu ya inchi 28 na bomba la juu lililonyooka. Anayeziendesha mara nyingi ni kijana wa miaka 13 au 14 aliyetumwa na wazazi, au mwanamke mfupi anayepeleka mzigo sokoni. Watu wanaona haraka kwamba miguu yake haifiki kwenye pedali. Wachache wanaangalia mikono yake, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo: gidoni iko mbali, na vidole havizunguki vizuri kishikio cha freni.

Mkono mmoja tu kwenye gidoni

Kila mtu aliyekulia Kivu amemwona mtoto anayeendesha baiskeli ya baba yake kwa kupitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu. Mwili unalala upande, kwapa linashikilia kiti, na mkono mmoja peke yake ndio unaoongoza. Kwenye tambarare, namna hiyo inawezekana. Kwenye mteremko, mtoto anabaki na freni moja badala ya mbili, na mkono uleule unaovuta freni ndio unaopaswa kukwepa mashimo.

Hata yule anayeweza kukaa juu ya kiti anapata shida kama gidoni iko mbali. Anainama sana mbele, viwiko vinanyooka kabisa, na uzito wa kifua unaanguka juu ya viganja. Gurudumu likipiga jiwe, mtikiso wote unafika mabegani, na gidoni inaponyoka kwa urahisi. Kipimo chepesi ni hiki: mtu akiwa amekaa na mikono yote miwili iko kwenye gidoni, viwiko vyake vibaki vimekunjwa kidogo. Vikinyooka kama fimbo, gidoni iko mbali au iko chini mno.

Upana nao una maana. Gidoni inayopita mabega ya mwendeshaji kwa mbali inamlazimisha kutandaza mikono, na inamchosha haraka. Ile iliyo nyembamba kuliko mabega inakuwa vigumu kuizuia wakati mzigo mzito wa nyuma unayumba. Kwa anayebeba magunia, upana uliozidi mabega kidogo unasaidia. Kwa anayeenda masomoni bila mzigo, upana wa mabega yake unatosha.

Freni za vyuma na freni za waya

Baiskeli nyingi za zamani zinatumia freni za vyuma. Mwendeshaji akivuta kishikio, fimbo za chuma zinainua vipira viwili ambavyo vinabana janti kutoka upande wa ndani. Ni freni ngumu kuharibika, na fundi yeyote wa kijijini anaweza kuzitengeneza kwa koleo na ufunguo. Lakini zina ubaya wake kwa mtu mdogo: kishikio ni kirefu, kiko mbali na gidoni, na kinahitaji nguvu ya kiganja chote. Tena hakina skrubu ya kukisogeza karibu na vidole.

Freni za waya zinafaa zaidi kwa mikono midogo. Kwenye vishikio vingi vya aina hii kuna skrubu ndogo, karibu na mahali kishikio kinapojikunja. Ukiikaza, kishikio kinakaribia gidoni. Baada ya hapo lazima waya wenyewe upimwe tena, kwa sababu kishikio sasa kina nafasi ndogo ya kusafiri: kama waya umelegea, kitagusa gidoni kabla vipira havijabana janti.

Pia kishikio chote kinaweza kulegezwa na kusogezwa juu ya gidoni. Mafundi wengi wanakifunga pale pale kilipotoka kiwandani. Kwa mkono mdogo, ni vizuri kukisukuma ndani kidogo, kuelekea katikati ya gidoni, ili vidole viangukie ncha ya kishikio. Ncha ndiyo yenye nguvu zaidi. Anayevuta karibu na mzizi wa kishikio anatumia nguvu nyingi na kupata freni kidogo. Kisha kielekezwe chini kiasi, ili mkono kutoka kiwiko hadi vidole uwe mstari mmoja bila kukunja kifundo.

Kushusha au kuinua gidoni yenyewe si kazi ngumu. Skrubu iliyo juu ya shingo ya gidoni inalegezwa mizunguko michache, inapigwa polepole juu ya kipande cha ubao ili chuma cha ndani kiachie, halafu shingo inapandishwa au kushushwa. Shingo nyingi zina alama inayoonyesha mwisho wa kuinua: alama hiyo ikionekana nje, shingo inaweza kukatika safarini. Na kwa baiskeli yenye freni za vyuma, gidoni ikisogezwa, fimbo zote lazima zipimwe upya, la sivyo vipira vitabaki vinakwaruza janti au havitaigusa kabisa.

Kuna aina ya tatu, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Haiombi nguvu ya vidole, na kwa mtoto ni msaada mkubwa. Lakini inategemea mnyororo: ukitoka au ukikatika, freni imekwisha. Kwenye mteremko mrefu pia inapata moto sana. Anayeitumia anahitaji freni ya mbele inayofanya kazi vizuri, isiwe pambo.

Mvua na mzigo

Hombo ni nchi ya msitu, na mvua ni ya mara kwa mara. Janti za chuma zikilowa, vipira vinateleza juu yake, na baiskeli inahitaji umbali mrefu zaidi kabla ya kusimama. Janti za alumini zinashika vizuri zaidi zikilowa. Kwa ambaye hana uwezo wa kuzibadilisha, dawa ni kuanza kugusa freni mapema, mara kadhaa, ili vipira vifute maji na matope kabla ya kufika kwenye kona au darajani.

Freni ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa sababu uzito unakwenda mbele wakati chombo kinapopunguza mwendo. Hata hivyo watoto wengi wanafundishwa kuiogopa, kwa kuwa ikivutwa ghafula inaweza kumrusha mtu. Mafunzo yanayofaa ni kutumia zote mbili pamoja, kuanza polepole, huku mwili ukirudi nyuma. Mwendeshaji mdogo mwenye gunia linalozidi uzito wake mwenyewe hawezi kutegemea freni peke yake. Kwenye mteremko mkali ashuke, atembee kando ya baiskeli, vidole vikiwa juu ya freni zote mbili.

Masisi ina jibu lake la zamani kwa swali hili. Chukudu, chombo cha mbao kinachobeba viazi na makala kutoka milimani hadi Sake na Goma, haina kishikio cha freni. Mwendeshaji anakanyaga kwa mguu kipande cha mpira wa gurudumu kilichofungwa nyuma, nacho kinabana gurudumu. Nguvu inatoka kwenye mguu na uzito wa mwili, si kwenye vidole. Na kwa kuwa chukudu inachongwa kwa mkono, gidoni yake inaweza kupimwa kwa kimo cha mwenyewe. Baiskeli ya kiwandani haitoi nafasi hiyo bila kazi ya fundi.

Hata mabingwa wanabishana juu yake

Shida hii si ya vijiji peke yake. Mnamo Septemba 2025, kuanzia tarehe 21 hadi 28, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Wanawake wenye umri wa chini ya miaka 23 walipata mashindano yao wenyewe kwa mara ya kwanza.

Mwaka huohuo, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, lilitangaza kwamba kuanzia 2026 gidoni za mashindano ya barabarani hazitakuwa na upana wa chini ya milimita 400, zikipimwa kutoka nje hadi nje. Lengo lilikuwa usalama, kwani wakimbiaji wengi walikuwa wameanza kutumia gidoni nyembamba sana ili wakate upepo. Lakini malalamiko yalitokea haraka: wakimbiaji wenye mabega madogo, hasa wanawake, walikuwa wanatumia gidoni nyembamba kwa sababu ndizo zinazolingana na miili yao. UCI ililegeza sehemu ya sheria hiyo, na nafasi ndogo inayoruhusiwa kati ya vishikio vya freni ikashushwa kutoka milimita 320 hadi 280.

Mabingwa hao wana freni za mafuta ambazo kidole kimoja kinatosha kuzivuta. Mtoto wa Hombo hana. Ndiyo maana uchaguzi wake unapaswa kufanyika mapema, mbele ya muuzaji.

Mzazi anayenunua baiskeli aende na yule atakayeiendesha. Mtoto akae juu ya kiti, ashike gidoni, kisha avute freni zote mbili kwa vidole viwili au vitatu bila kuhamisha kiganja, huku mtu mwingine akisukuma baiskeli mbele. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, fundi afanye kazi yake kabla pesa haijatoka. Na kama kuna nafasi ya kuchagua, baiskeli ya inchi 24 au 26, isiyo na bomba la juu na yenye freni za waya, itamfaa zaidi kuliko ile kubwa inayosubiri akue.