Klachi Iliyogandamana

Keringet ni mahali pa baridi na ukungu. Wakaao huko, kwenye njia itokayo Molo kwenda Olenguruone, wajua jinsi unyevu uingiavyo katika kila kitu kilichowekwa ghalani. Basi si ajabu pikipiki ya zamani iliyolala miezi mingi ikitolewa nje na kuonekana na ugonjwa huu: injini yawaka vizuri, lakini mara gia inapoingizwa, pikipiki huruka mbele kama punda aliyechapwa, ingawa mwendeshaji ameshika klachi mpaka mwisho. Kwenye mteremko jambo hilo halichekeshi. Mtu aweza kuvunjika mguu, au kumgonga mtoto aliyesimama mbele kutazama.

Tuseme pikipiki hiyo ni BSA Bantam, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Umbo lake, kusema kweli, halikubuniwa na Waingereza. Lilitokana na DKW RT 125 ya Wajerumani, ambayo michoro yake ilichukuliwa kuwa fidia baada ya Vita Kuu ya Pili. Harley-Davidson wa Marekani na Yamaha wa Japani nao waliifuata.

Ndani ya klachi mna sahani kadhaa zilizopangwa kwa zamu. Baadhi huzunguka pamoja na injini, nyingine pamoja na gia. Katika Bantam za kwanza baadhi yake zina vipande vya gome laini, kama lile la kuzibia chupa. Springi huzibana zote ziwe kitu kimoja; mkono wa klachi ukivutwa, mbano huondoka, nazo huachana. Kazi hiyo yote hufanyika ndani ya oili. Pikipiki ikikaa bila kutumiwa, oili huteremka, na ile kidogo inayosalia kati ya sahani hugeuka kama gundi. Chuma nacho hushika kutu.

Kabla ya kufungua chochote, yafaa kutazama waya wa klachi. Waya uliolegea huleta dalili zile zile, na wengi wamefungua injini bure. Ikiwa waya ni mzima, injini izimwe, gia iwekwe huru, mkono wa klachi uvutwe, kisha kiki ipigwe. Katika Bantam kiki hupitia kwenye klachi. Kwa hiyo injini ikizunguka, sahani zimegandamana. Pikipiki nyingi za sasa hazikuundwa hivyo, na kipimo hiki hakizifai.

Mara nyingi tiba ni ndogo. Injini iwashwe gia ikiwa huru mpaka oili ipate moto, kisha izimwe. Gia kubwa iingizwe, klachi ishikwe, na pikipiki isukumwe mbele na nyuma kwa kutikisatikisa. Husikika mlio mdogo, na magurudumu huwa mepesi ghafla.

Zisipoachia, hapana budi kufungua kifuniko. Hapa ndipo haraka iharibupo. Springi za Bantam za kwanza hutolewa kwa chombo maalum cha kuzikandamiza. Asiyekuwa nacho aazime, asijaribu nyundo. Wala sahani zisitenganishwe kwa bisibisi, maana vipande vya gome humeguka, na vipuri vyake huenda vikahitaji kuagizwa Uingereza. Kisu chembamba, kikipitishwa polepole pande zote, chatosha. Kila sahani ipangwe mezani kwa utaratibu ilivyotoka.

Sahani za chuma huoshwa kwa mafuta ya taa, na kutu huondolewa kwa msasa laini. Kisha kila moja ilazwe juu ya kioo: ikiyumba, imepinda, nayo itagandamana tena. Zile za gome zipakwe oili safi kabla ya kurudishwa. Katika baridi ya Keringet fundi hupenda kuwa na jiko la makaa karibu. Siku hiyo jiko litolewe nje, hasa kama kuna petroli katika chumba.

Wako wanaofunga mkono wa klachi kwa kipande cha tyubu usiku kucha ili sahani zisishikane. Hila hiyo yasaidia, lakini huuchosha waya. Ni afadhali kushika klachi na kupiga kiki mara tano au sita kila asubuhi kabla ya kuwasha, mpaka kiki ishuke kwa wepesi na injini isizunguke.